Nyigu watatu ndani ya fundo moja la mwamba ngoma, Muheza: nani mwenye nyumba, nani mpangaji?

Kikonyo_Muheza

Salaam wakuu. Naomba msaada wa utambuzi.

Mti ni mwamba ngoma, Erythrina abyssinica, ule wenye gome nene la kizibo na maua mekundu. Uko kandokando ya barabara ya Muheza kwenda Amani, nje ya mipaka ya hifadhi. Majani yaliyochipua baada ya mvua yamejikunja, na vikonyo vya majani pamoja na ncha za machipukizi vimefura mafundo mafundo, mengine yana unene wa kidole gumba. Ukipasua fundo kwa wembe unakuta vijumba vingi vidogo vilivyobanana, na kila kimoja kina buu mmoja mweupe asiye na miguu, au pupa.

Vipande vya mafundo vimewekwa kwenye kopo la plastiki lililofunikwa kwa kipande cha chandarua. Kuanzia siku ya 3 hadi ya 12 wametoka nyigu wa sura tatu:

A: takriban milimita moja na nusu, kahawia iliyokoza yenye mabaka ya njano. Hawa ndio wengi.
B: milimita moja tu, weupe unaoelekea njano hafifu. Wametoka siku zilezile na A.
C: weusi, karibu milimita mbili, mgongo wa kukwaruza usiong'aa. Wachache, na karibu wote wamechelewa kutoka.

Naomba kujua yupi anatengeneza fundo, yupi ni parasitoidi (anayekua kwa kumla mdudu mwenzake mpaka amuue), na C ni nani. Pia, nikiandika kwenye lebo "Quadrastichus erythrinae", yule nyigu anayejulikana kwa mafundo ya Erythrina, nitakuwa nimekosea? Nina lenzi ya mkono ya mara 20, na nikihitaji naweza kupata hadubini ya shule.

---

Hadubini_Chumbageni

Mkuu Kikonyo, umeeleza vizuri, ila kabla ya yote ondoa hicho chandarua. Matundu yake yamepimwa kwa ajili ya mbu. Nyigu mwenye urefu wa milimita moja na nusu ana upana usiofika hata nusu milimita, anapita hapo bila kubanwa. Kwa hiyo usitegemee uwiano wa A, B na C uliouona, kwa sababu wadogo wametoroka kwa wingi kuliko mkubwa. Tumia kipande cha kanga kuukuu au kitambaa kingine kilichofumwa kwa kubana, ufunge kwa mpira. Usikimbilie kifuniko cha plastiki kizimakizima, maana fundo bichi linatoa maji, na kwa joto na unyevu wa Tanga ukungu unashika ndani ya siku mbili tatu na pupa wanaoza kabla hawajatoka. Weka tishu chini ya kopo, ibadilishe kila inapolowa. Kopo likae kivulini, kwa sababu jua likipiga plastiki hata kwa muda mfupi linawapika.

Tuje kwa wadudu. B simwoni kama spishi nyingine. Nadhani ni dume wa A. Kwa Quadrastichus erythrinae jike ana urefu wa milimita 1.45 hadi 1.6, kahawia iliyokoza yenye njano, na dume ana milimita 1.0 hadi 1.15, mweupe hadi njano hafifu. Vipimo vyako vinaingia humo karibu sawasawa. Hakikisha kwa vipapasio: ukiacha pingili za mwanzo karibu na uso na rungu la nchani, pingili za katikati ni 3 kwa jike na 4 kwa dume. Tazama pia chini ya tumbo. Jike ana mfereji na ala ya sindano ya kutagia, dume hana.

Halafu hesabu nyayo. Hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa nyigu wote wa ukubwa huu, na watu wengi wanakiruka ili wakimbilie rangi. Wayo ni ile sehemu ya mwisho ya mguu inayofuata muundi, nayo imegawanyika pingili. Familia ya Eulophidae ina pingili 4 kwenye kila mguu. Eurytomidae, Torymidae, Eupelmidae, Pteromalidae na Ormyridae zina pingili 5. Natarajia A awe na 4 na C awe na 5.

Ili uhesabu bila mdudu kuteleza, chukua jeli ya kusafishia mikono iliyo angavu, weka tone kubwa kwenye kisahani, mzamishe mdudu aliyekwisha kufa, umgeuze kwa ncha ya sindano mpaka mguu ulale ubavu. Jeli inamshika hapo alipo. Kama ina mapovu, iache dakika kadhaa yapande juu. Mwanga usipige moja kwa moja. Pachika kikombe cheupe cha plastiki kilichokatwa kitako kumzunguka, umulike kutoka nje ya kikombe. Mng'aro utapungua na mistari ya mgongoni itajitokeza.

C akiwa na pingili 5, tazama mgongo wake. Shingo ya juu, yaani kile kipande kinachofuata kichwa, ikiwa pana na ya pembe nne kama tofali, karibu ndefu sawa na kipande kinachoifuata, na mgongo mzima una vishimo vya duara vilivyopangana kama kastabani ya fundi cherehani, huyo ni Eurytomidae, na kwa rangi nyeusi isiyong'aa ningesema Eurytoma. Dume wake humkosei: pingili za vipapasio zimeachana kama shanga kwenye uzi, kila moja na nywele ndefu kuizunguka. Na Eurytoma kwenye fundo la Erythrina ndiye parasitoidi. Swali lako limejibika.

---

Bi_Vielelezo

Hadubini, kwenye miguu na kastabani niko nawe. Kwenye sentensi yako ya mwisho siko nawe, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo lebo nyingi zinapoharibika.

Jina la jenasi halikuambii mdudu anafanya kazi gani. Ndani ya Eurytoma wamo wanaokula mabuu ya wadudu wengine, na wamo wanaokula mmea wenyewe. Eurytoma amygdali, kwa mfano, ni mdudu mharibifu wa mbegu za mlozi. Na Quadrastichus ni vilevile. Kwenye Erythrina Quadrastichus ndiye anayetengeneza fundo, lakini Quadrastichus mendeli, aliyeelezwa mwaka 2008, ni parasitoidi wa nyigu wa mafundo ya mikaratusi. Jenasi moja, kazi mbili zinazopingana. Kwa hiyo mtu akisema "nimeona Quadrastichus, basi ndiye mwenye nyumba" au "nimeona Eurytoma, basi ndiye parasitoidi", amebahatisha. Huenda amepata, ila bado hajaonyesha.

Kopo nalo halitoi ushahidi huo. Kopo linakuambia nani alikuwa ndani ya mafundo, basi. Nani alikuwa anamla nani, hilo hujaliona. Anayechelewa kutoka mara nyingi huwa parasitoidi, kwa sababu anaanza maisha mwenzake akiwa amekwisha kukua, ila hiyo ni dalili tu. Wapo parasitoidi wa parasitoidi, wapo wanaoingia kula tishu ya fundo ambalo hawakulitengeneza, na wapo walioingia kupumzika kwenye tundu la kutokea la mwenzao.

Ushahidi uko ndani ya kijumba, na njia yake ni kupasua.

Chukua mafundo 20 au 30 ambayo hayajatobolewa, ya umri tofauti: laini ya kijani, na yaliyoanza kukauka. Wembe uwe mpya. Usikate katikati kwa mkupuo mmoja, utawagawa mabuu vipande viwili na maji yao yatachafua kila kitu. Menya ganda kwa vipande vyembamba kutoka ubavuni, kama unavyomenya embe bichi la kachumbari, mpaka ukuta wa kijumba ubaki kama utando, kisha ufungue kwa ncha ya sindano.

Kwenye kijumba cha mwenye nyumba utakuta buu mmoja, mweupe, mnono, amejaza chumba chote, ukuta ni mzima na laini. Hakuna mzoga. Kwa kilichovamiwa, tafuta mambo matatu. Kwanza, buu wa pili aliyelala juu ya ngozi ya wa kwanza, au ngozi tupu iliyokunjamana pembeni yenye taya mbili ndogo za kahawia; hilo ndilo kaburi la mwenye nyumba, na bila kulipata usiandike neno parasitoidi. Pili, kuta zilizotobolewa baina ya kijumba na kijumba. Buu wa Eurytoma erythrinae hali mmoja akatosheka, hupasua ukuta akaenda kwa jirani, akala kadhaa mpaka akakomaa. Tatu, nywele. Mabuu wengi wa Eurytomidae wana nywele zinazoonekana kwa lenzi yako ya mara 20, na taya imara. Wa Quadrastichus wanaonekana uchi.

Ukimpata buu au pupa wa aina usiyoijua, usimuue. Mtoe pamoja na mabaki aliyoyalalia, mwingize kwenye kipande cha mrija wa soda cha sentimita 3, ziba pande zote mbili kwa pamba kavu, andika namba. Watu wa nchi za baridi hutumia kapsuli tupu za dawa, lakini kwa unyevu wa Tanga kapsuli inalainika na kumnata mdudu. Akitoka, una mtu mzima, una pupa alikotoka, na una mzoga wa aliyeliwa, vyote chini ya namba moja. Mrija mmoja wa namna hii ninauthamini kuliko kopo zima lililojaa nyigu.

Kuhusu jina Q. erythrinae: usiliandike bado. Spishi hiyo ilielezwa mwaka 2004 kutoka kwa vielelezo vya Singapore, Mauritius na Réunion, yaani ilijulikana ugenini kabla ya kujulikana kwao. Ilifika Hawaii mwaka 2005 na kuwaangusha wiliwili, mti wao wa asili wa jenasi hii hii ya Erythrina. Walipotafuta asili yake walielekea Afrika, na huku Afrika ikaonekana kwamba wanaotengeneza mafundo ya Erythrina ni wengi. Mwaka 2009 zilielezwa spishi mpya tano za Tetrastichinae, kundi dogo ndani ya Eulophidae, kutoka mafundo ya Erythrina Afrika Kusini peke yake, baadhi Quadrastichus na baadhi Aprostocetus. Huko Mauritius au Hawaii fundo la Erythrina likitoa Quadrastichus, jina la Q. erythrinae ni dhana nzuri ya kuanzia. Muheza ni nyumbani kwao, ndugu na binamu wote wako hapa, na mti ule ule unaweza kuwa na zaidi ya mmoja.

Na C wako, nikimfikiria, ana historia. Eurytoma erythrinae alielezwa mwaka 2008. Waliopelekwa Hawaii kupambana na nyigu wa mafundo walitoka Tanzania, walikusanywa mwaka 2006, na baada ya kuchunguzwa kizuizini wakaachiliwa kuanzia Novemba 2008. Kwa hiyo kumkuta Muheza si ajabu hata kidogo. Lakini mpe jina hilo baada ya kumpasulia kijumba, si kabla.

---

Mkaratusi_Lushoto

Naomba kuingilia, wakuu. Mikaratusi michanga huku Lushoto nayo ina mafundo kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye vikonyo, na vitundu vya kutokea. Ni nyigu huyohuyo? Na dawa ya kupuliza ni ipi?

---

Hadubini_Chumbageni

Ndugu Mkaratusi, si huyo. Wa kwako kwa maelezo hayo ni Leptocybe invasa, asili yake Australia, naye alielezwa mwaka 2004. Naye ni Eulophidae, pingili 4, ila hula mikaratusi tu, haendi kwenye mwamba ngoma, na wa mwamba ngoma haendi kwenye mkaratusi. Jike wa Leptocybe ni kahawia iliyokoza yenye mng'aro wa buluu au kijani kidogo. Parasitoidi wake ni wengine kabisa: Selitrichodes neseri, aliyeachiliwa Afrika Kusini mwaka 2012, na Quadrastichus mendeli aliyetajwa na Bi Vielelezo.

Dawa ya kupuliza haimfikii buu. Yuko ndani ya tishu. Inayemfikia ni parasitoidi anayetembea juu ya jani akitafuta pa kutagia. Unaua askari, mwizi unamwacha chumbani. Kitaluni kata machipukizi yenye mafundo mabichi kabla hayajatobolewa, yafunge kwenye mfuko mweusi, uanike juani kwa siku kadhaa mpaka yakauke kabisa. Miche yenye mafundo usiihamishe kwenda wilaya nyingine.

Na Bi Vielelezo, nimekubali. "Swali limejibika" nililiweka mapema.

---

Kikonyo_Muheza

Ahsanteni sana wote. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Majibu haya hapa.

A: pingili 4 kwa wote niliowahesabu. B: pingili 4, vipapasio vina pingili 4 katikati, hakuna ala ya sindano. Kwa hiyo ni dume. C: pingili 5, mgongo wa kastabani kabisa, na wawili wana vipapasio vya shanga zenye nywele.

Mafundo 24 yamepasuliwa. Kwenye 5 kuna vijumba vilivyounganishwa kwa matundu, na ndani yake buu mmoja mkubwa mwenye nywele, na ngozi zilizokunjamana, kwenye fundo moja ngozi 3. Pupa wawili wa namna hiyo wako kwenye mirija. Mmoja ametoka leo asubuhi, ni C.

Sasa kuna kinachonitatiza. Kwenye kundi la A kuna majike wanne ambao hawakai sawa na wenzao. Ukubwa uleule, nyayo za pingili 4, lakini wamekolea zaidi na wana mng'aro hafifu. Ni A waliozeeka au ni wengine? Na nihifadhi vipi? Niliwaweka baadhi kwenye spiriti ya kuwashia taa na wamegeuka rangi.

---

Bi_Vielelezo

Hongera, Kikonyo. Ngozi 3 na buu mmoja mwenye nywele, na pupa wake akatoka C: hapo sasa andika parasitoidi bila kusita. Kuhusu jina lake, sehemu ya "mwenendo" imekaa sawa na Eurytoma erythrinae. Umbo lake linganisha na maelezo ya 2008 kabla ya kuandika spishi.

Hao majike wanne ndio wanaonifurahisha zaidi, maana nilikuwa nawasubiri. Mdudu mzima akishatoka na kukauka hapati mng'aro wa madini kwa uzee. Shuku Aprostocetus. Naye ni Tetrastichinae, miguu ileile, vipapasio vya pingili 3 kwa jike, na kwa macho ya haraka ni pacha wa Quadrastichus. Wanatenganishwa kwa nywele.

Tazama bawa la mbele. Hawa wana mshipa mmoja tu wa maana: unatoka kwenye shina la bawa, unapanda mpaka ukingoni, unafuata ukingo, kisha unatoa kitawi kifupi chenye kifundo. Kile kipande cha kwanza, kabla mshipa haujagusa ukingo, kina nywele ngumu zilizosimama upande wa juu. Quadrastichus ana unywele mmoja tu hapo. Aprostocetus kwa kawaida ana miwili au zaidi. Angalia mabawa yote mawili, maana unywele huvunjika na kuacha kitundu. Hesabu vitundu pia.

Kisha nenda mwisho wa tumbo, pande zote mbili kuna kibamba kidogo chenye nywele chache ndefu. Kwa Quadrastichus zinakaribiana urefu na zimenyooka. Kwa Aprostocetus mmoja umezidi wenzake waziwazi na mara nyingi umepinda. Vipimo viwili vikikubaliana, umemaliza. Vikipingana, mtenge peke yake uandike "Tetrastichinae" basi.

Na hao wanne, hata wakiwa Aprostocetus, kazi yao bado hujaiona. Wanaweza kuwa wanamla Quadrastichus, wanaweza kuwa wanamla Eurytoma. Rudi kwenye wembe na mirija, na mara hii tafuta pupa aliyelala kwenye kijumba kisichotobolewa pamoja na mzoga.

Spiriti ya kuwashia iache. Ina rangi na vitu vya kuifanya isinyweke, ndivyo vilivyowabadilisha. Tafuta ethanoli ya asilimia 96 kwa wauzaji wa vifaa vya maabara. Kwa vielelezo vya kutazama umbo, pima mililita 78 za hiyo ethanoli, ongeza maji yaliyochujwa mpaka mililita 100. Utapata asilimia 75 hivi. Kwa vile unavyotaka vipimwe DNA, usiongeze maji, tumia asilimia 96 yenyewe, badilisha baada ya siku moja, weka kwenye friza. Ethanoli kali inafanya mdudu awe mgumu, mabawa na vipapasio vinavunjika ukimgeuza, ndiyo maana usiwaweke wote humo. Gawa: angalau majike 10 na madume 10 wa A kwenye 75, watano watano kwenye 96. C kwa jinsi walivyo wachache, nusu kwa nusu.

Usimtoe tu kutoka ethanoli ukamwacha akauke juu ya karatasi. Macho na tumbo vinabonyea, na hapo mistari ya mgongo huioni tena. C ana ganda gumu, anavumilia kidogo. A anakunjamana kama zabibu kavu. A mbakishe kwenye ethanoli yake, au umtengenezee kioo.

Kioo cha hadubini ni hivi. Ng'oa mabawa ya upande mmoja uyaweke kando. Mwili uingie kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku mmoja kwa joto la kawaida. Inayeyusha nyama na kubakiza ganda. Vaa glavu na miwani, inaunguza macho vibaya. Asubuhi msuuze kwa maji yenye matone machache ya asidi ya siki iliyokolea, kisha ethanoli ya 50, 70, 96, dakika 10 hadi 15 kila moja, halafu mafuta ya karafuu mpaka aangaze, na mwisho tone la Kanada balsamu na kioo cha kufunikia. Ukiona wingu jeupe ndani ya balsamu, maji hayakuondoka yote. Mrudishe kwenye ethanoli, usitarajie litaisha lenyewe.

Mafuta ya karafuu sisi wa pwani hatuna sababu ya kuyaagiza mbali, Pemba iko hapo mbele. Ila mengine sokoni yamechanganywa na mafuta ya kupikia, na hayo yatakuharibia kioo. Dondosha tone kwenye glasi ya maji: ya kweli ni mazito kuliko maji, yanazama. Yakielea, achana nayo.

---

Hadubini_Chumbageni

Naongeza lebo, maana Bi Vielelezo amemaliza mengine. Andika kwa penseli, juu ya karatasi nzito, uitumbukize ndani ya chupa pamoja na wadudu. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye ethanoli ndani ya siku chache, na karatasi iliyobandikwa nje inabanduka. Iwe na: Tanzania, Tanga, Muheza, kijiji, majira ya nukta ya ramani kutoka kwenye simu, mwinuko kutoka usawa wa bahari, mti, sehemu ya mti (kikonyo, jani au chipukizi), tarehe ya kukata fundo, tarehe ya mdudu kutoka, namba ya kopo au mrija, na jina lako. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, 4.vi, ili mtu asisome Aprili pale ulipokusudia Juni. Zile tarehe mbili zisichanganywe. Tofauti yake ndiyo inayoonyesha nani alichelewa.

Bana na tawi la mti kwenye magazeti, lenye jani zima la vijani vitatu, na ua au ganda la mbegu kama lipo. Pwani yetu ina Erythrina sacleuxii pia, na wote wawili watu wanaweza kukuitia mwamba ngoma. Mti ukikosewa jina, nyigu naye anakosewa jina.

Mafundo mabichi yabaki Muheza. Usiyabebe hai kwenda Unguja wala Dar, hata kwa nia njema ya kumwonyesha mtaalamu. Peleka waliokufa kwenye ethanoli. Ukihitaji kukata ndani ya Amani, kibali ni cha Wakala wa Huduma za Misitu, na vielelezo vikitoka nje ya nchi vinahitaji kibali chake.

---

Kikonyo_Muheza

Nimepiga hadubini ya shule kwenye mabawa. A wa kawaida kumi: unywele mmoja, wote. Majike wanne wenye mng'aro: watatu wana nywele 3, wa nne bawa moja lina 3 na jingine 2 na kitundu kimoja. Kibambani unywele mmoja mrefu uliopinda kwa wote wanne.

Lebo nimeandika hivi, mnirekebishe: A na B, "Quadrastichus sp., jike na dume, ametengeneza fundo, buu mmoja kwa kijumba". C, "Eurytoma sp., karibu na E. erythrinae, parasitoidi, ametoka mrija namba 2, mabaki ya mabuu 3 yamehifadhiwa". Wanne, "Aprostocetus sp., ametoka koponi, kazi haijaonekana".

---

Bi_Vielelezo

Ziache hivyohivyo. Kwa C ongeza neno "Quadrastichus sp." baada ya "mabaki ya mabuu 3", ukishazilinganisha zile taya na taya za buu wa A. Mvua zikirudi na machipukizi mapya yakitoka, kata mafundo kila wiki badala ya mara moja. Aprostocetus utampata akiwa bado kijumbani.